Mlio wa Kijipira

Rafiki yetu mmoja, fundi umeme, alitumwa mchana na dada yake akamtoe mumewe kasino.

"Shemeji, dada keshafungasha virago. Usipotoka sasa, humkuti."

"Nikipata faida natoka."

"Faida gani? Gurudumu hilo limepangwa likule kidogokidogo!"

"Wengine, siyo mimi. Raundi moja tu."

Kabla mchezeshaji hajarusha kijipira kwenye gurudumu lenye namba, umeme ulikatika. Ukumbi haukuwa na dirisha. Gizani wakasikia kijipira kikizunguka, krrr, krrr, bila kupunguza mwendo.

Fundi akawasha tochi ya simu. Gurudumu lilikuwa limesimama, na kijipira kilikuwa kiganjani mwa mchezeshaji. Mlio uliendelea.

"Twende!" Fundi akamvuta.

Shemeji akajinasua, akasukuma chipu zake zote za kamari mezani. Ndipo mlio ukaanza kupungua, kama kijipira kinachotafuta namba ya kutua.