Walinifungia Tawi la Mkaratusi

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na minne, mkulima wa mahindi na mihogo hapa Nyantakara, wilaya ya Biharamulo. Sina mume, sina mtoto. Ninaitwa Mama Mkubwa kwa sababu nimelea watoto wa dada zangu. Ndugu wasomaji, mkasa huu ulinipata nikiwa kijana, miaka ile ya wakimbizi, na naomba mnivumilie kama nitaandika kwa hasira. Miaka mingi imepita, lakini kinyaa hakijaniisha...

Niliolewa Ngara, katika kijiji kilicho kando ya mto Ruvubu. Mume wangu aliitwa Leonsi. Alikuwa mpole, mtu wa maneno laini, asiyetaka kumuudhi yeyote. Mama yangu alipomwona mara ya kwanza aliniambia nimepata mume. Nami niliamini hivyo kabisa.

Wakati ule makambi yalikuwa yamefurika watu, na watu wale walihitaji kula. Leonsi na kaka yake Bonifasi wakaanza kupeleka ndizi kwenye soko la kambi. Barabara ya kwetu ilikuwa imekufa. Malori ya kuni yalikuwa yamelivunja daraja, na masika ikamalizia. Daraja lenyewe lilikuwa mbali, upande wa juu wa mto, na njia ya kulifikia ilikuwa vilima vitupu.

Basi ndizi zilishuka kwa mtumbwi hadi mwalo wa chini, mahali pa mwisho pa kuegesha kabla mto haujakaribia maporomoko ya Rusumo. Pale pikapu ya Bonifasi ilizipokea. Baada ya soko, pikapu ileile iliubeba mtumbwi mtupu hadi kwenye daraja bovu, mpiga kasia akaingia majini tena na kuteremka nao nyumbani. Hakuna aliyeweza kuupandisha mtumbwi dhidi ya Ruvubu wakati wa masika.

Ugumu ulikuwa kukutana. Simu hatukuwa nazo. Mara mtumbwi ulitangulia, mara gari lilitangulia. Kwa hiyo watu wa mto walikuwa na desturi yao. Dereva akifika kwanza na akawa na haja ya kusogea hapo jirani, alifunga tawi bichi kwenye mti uliokuwa pale kwenye mwalo. Tawi lilimaanisha gari limeshafika, msiondoke, dereva anarudi sasa hivi. Walitumia tawi la muhogo, kwa sababu majani yake hulegea upesi. Ukiyakuta yamenyauka, ulijua dereva amekwisha kata tamaa. Ukiyakuta mabichi, ulikaa ukasubiri.

Nikapata mimba yangu ya kwanza. Ilipokaribia kutimia, nesi wa zahanati alinipapasa tumbo, akaniambia mtoto amelala upande. Alisema nisithubutu kuzalia nyumbani, niende hospitali mapema nikasubirie uchungu hukohuko. Mama akaja kutoka Nyantakara kunisindikiza. Leonsi akachukua baiskeli, akaenda kwa Bonifasi kupanga safari. Jioni alirudi anatabasamu. Alisema mambo yote yako sawa, Jumamosi tutashuka kwa mtumbwi na pikapu itakuwa inatusubiri mwaloni. Yeye hakupanda nasi. Alisema mtumbwi utazidiwa, kwa hiyo angezunguka kwa baiskeli na kutukuta hospitali.

Tulikuwa watatu majini: mimi, Mama, na mpiga kasia wetu, mzee mmoja wa Kihangaza aliyeitwa Sabasi. Maji yalikuwa mekundu na yenye kasi. Hatujafika hata nusu ya safari, uchungu ukaanza. Mwanzoni nilinyamaza, nikidhani mgongo umechoka kwa kukaa. Kisha nikaushika mkono wa Mama, naye akaelewa. Sabasi akaongeza kasi bila kuambiwa.

Tulipofika mwaloni gari halikuwepo. Lakini tawi lilikuwepo! Tawi la mkaratusi, bichi kabisa, limefungwa kwa kamba ya bluu ya pikapu. Wasomaji wangu, mnajua nilifanya nini? Nilicheka kwa furaha. Nilimwambia Mama tumepona, shemeji yupo.

Tukasubiri. Mama alinitandikia kanga chini ya mti, nikalala. Kutoka pale tulisikia malori ya msaada yakipanda mlima kwenye barabara kuu, moja baada ya jingine, siku nzima. Mama akamwambia Sabasi apande barabarani akasimamishe gari lolote. Sabasi alikataa kwa heshima.

"Mama, tawi ni bichi. Dereva yupo. Akija akakuta sipo, nani atamsaidia kumbeba mgonjwa? Tungoje kidogo."

Mama alikuwa mgeni ukweni, hakutaka kuonekana mkorofi. Akangoja.

Akapita mwanamke mmoja mkimbizi, ana kuni kichwani. Alitua mzigo wake, akaja kuniangalia, akanishika tumbo. Aliongea Kirundi, na Sabasi alimwelewa maana Kihangaza hakipo mbali nacho. Aliuliza kwa nini tumekaa. Sabasi akamwonyesha tawi. Yule mama alilitazama, kisha akatutazama sisi, akasema yeye asingesubiri. Sabasi akatuambia kwa Kiswahili kwamba huyu si mtu wa hapa, hajui mambo yetu. Nami nikatikisa kichwa kukubali... Mwenye akili pale alikuwa ni yeye peke yake!

Alibaki nasi. Alinipangusa jasho kwa nguo yake, mtu asiyenijua, ambaye kule kambini labda watoto wake mwenyewe walikuwa wanamngoja na kuni. Jina lake sikuwahi kuliuliza.

Jua lilikwisha kuvuka utosi na kuanza kuteremka. Majani ya mkaratusi yalikuwa bado kijani. Mama akaacha adabu ya ukweni. Alimwambia Sabasi kama haendi, atakwenda yeye mwenyewe kwa miguu yake. Mzee wa watu akaondoka mbio. Hata hakufika barabarani, tukasikia honi.

Pikapu iliteremka imepambwa. Utepe mweupe na wa waridi mbele, maua ya karatasi kwenye vioo, maputo mawili nyuma yakigongana. Bonifasi alishuka ana suti, midomo inang'aa mafuta ya nyama, ananuka pilau na bia. Alikuwa ametoka Lusahunga, kwenye harusi ya bwana mmoja mwenye cheo. Pikapu yake ilikuwa kwenye msafara wa maharusi, naye hakutaka kukosa kuonekana.

"Shikamoo, Mama," akamwambia Mama yangu, huku anacheka.

Mama hakumjibu marahaba. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu kuona Mama anaiacha shikamoo hewani.

Bonifasi alipoona hali yangu alianza kujitetea, kwamba msafara ulichelewa, kwamba bibi harusi alikuwa bado anasukwa. Halafu akasema neno ambalo nalisikia mpaka leo.

"Lakini jamani, si niliwaachia tawi?"

Alipita alfajiri, kabla hata hatujaingia majini. Akafunga tawi, akaenda zake harusini! Wakati wananipakia, Mama aliufungua ule mkaratusi, akauviringisha pamoja na nguo za mtoto. Sikuwa na nguvu ya kumwuliza wa nini.

Nilifika hospitali nimelala chini ya maua ya harusi. Wahudumu pale walifanya kila walichoweza, Mungu awabariki. Mimi waliniokoa. Mtoto, wa kiume, alikuwa amekwisha kufa tumboni, na kizazi kilikuwa kimepasuka. Wakakitoa. Daktari aliniambia kwa sauti ya chini sana, na mimi nilikuwa natazama nje dirishani, ambako Bonifasi alikuwa anabandua utepe kwenye gari lake, taratibu, asikwangue rangi.

Kesho yake Leonsi alikuja. Alilia hadi wagonjwa wengine wakamwonea huruma. Alimlaani kaka yake mbele yangu. Alisema hatamsamehe.

Miezi iliyofuata nilikuwa mtu wa kuinuliwa na kulazwa. Leonsi alinipikia uji, alinichotea maji, mambo ambayo wanaume wengi wa kijiji hawafanyi. Nikizungumzia tawi lile usiku, alinikumbatia na kusema Bonifasi ana roho mbaya. Tulimchukia pamoja. Ilikuwa ndiyo faraja yangu pekee, kwamba walau mume wangu yuko upande wangu.

Kisha ukoo ukaitisha kikao. Wajomba walikuja, baba wadogo walikuja, pombe ya ndizi ikawekwa katikati. Na nani alisimama kusema? Bonifasi! Alisema wote wananipenda, lakini ndugu yao hawezi kuzeeka bila mtoto, na mke aliyepo hazai tena. Alisema yupo binti mahali fulani, wameshaulizia. Mtu aliyekula pilau huku mwanangu anakufa ndiye aliyekuwa ananihesabia kizazi!

Niliingia ndani. Lile tawi Mama aliniachia alipoondoka, lilikuwa limening'inia darini, kavu, majani bado yanashikilia. Nililileta, nikaliweka mapajani kwa Bonifasi mbele ya wazee. Nikamwomba awaeleze ni kitu gani.

Kila mtu pale alikuwa mtu wa mto. Hakuna aliyehitaji kuelezwa tawi ni nini. Baba mdogo mmoja aliishika kamba ya bluu, akaitazama, akaiachia. Akauliza kwa nini mkaratusi, kwa nini si muhogo kama desturi.

Bonifasi alibadilika rangi. Aliangalia huku na huku, akaona macho yote yako kwake, akakasirika.

"Mbona mnanitazama mimi? Muulizeni Leonsi. Nilimwambia kabisa Jumamosi nina harusi, tusogeze hadi Jumatatu. Akasema hapana, mama mkwe ameshafika, atamwona hana mpango. Akaniambia mwenyewe, pita asubuhi ufunge tawi, tena la mkaratusi, halinyauki, watakaa tu mpaka urudi."

Niligeuka kumtazama mume wangu. Nilitaka aruke, apige kelele, aseme kaka yake ni mwongo. Leonsi alikuwa anatazama kikombe chake.

"Sikujua uchungu utaanza siku ile," akasema.

Basi. Hilo tu!

Miezi yote ile alikuwa ananiacha nimchukie Bonifasi. Alikuwa analala kifuani kwangu, anamlaani mtu kwa kitu alichomfundisha yeye mwenyewe. Uji ule alioninywesha, maneno yale laini... nilitamani niutapike wote pale mbele ya wazee. Bonifasi nilimdharau. Lakini Leonsi ndiye aliyenitia kinyaa, kwa sababu alitaka kaka yake afurahi, mama mkwe afurahi, mimi nifurahi, na kwa ajili ya kutoudhi mtu aliniweka chini ya mti nisubiri gari ambalo alijua liko Lusahunga.

Sikungoja kikao kiishe. Nilichukua kanga zangu na zile nguo za mtoto, nikapanda vilima kwa miguu hadi darajani, nikavuka kwenye magogo, nikaomba lifti ya lori hadi Lusahunga, na kutoka pale nikafika kwa Mama. Leonsi alimwoa yule binti. Nasikia ana watoto, na watu bado wanamsifu kwa upole.

Hapa kwangu majirani wamepanda mikaratusi kwa ajili ya nguzo na kuni. Mimi sijapanda hata mmoja. Mvua ikinyesha na harufu yake ikaja, nafunga mlango.

Dada zangu, binti zangu, nawaomba sana. Mume akikupangia safari ya kwenda kujifungua, mwambie apande na wewe. Akisema chombo kimejaa, ashushwe mzigo, apande yeye. Usimpime mtu kwa ulaini wa maneno yake wala kwa uji anaokupikia baada ya maafa. Na ukifika mahali pa kukutana ukakuta ishara tu, iwe tawi, iwe kamba, iwe maneno ya kwamba anakuja, usikae chini kama mimi nilivyokaa. Magari yalikuwa yanapita juu siku nzima, na mwanangu alikuwa bado anacheza tumboni.