Bangili Iitwayo Ngoja

Bibi Chausiku alikuwa bingwa wa mashine, na katika mtaa mzima wa Zabibu Juu, jijini Dodoma, hapakuwa na chombo kilichomshinda. Ukiacha jiko lake, lililojizima kila alipoliwasha. Ukiacha na mlango wa mbele, uliomkaribisha kama mgeni siku zote, na ile roboti ya kufagia iliyomsukuma juzi mpaka kona ya sebule ikidhani ni takataka. Hayo mengine yote aliyaweza.

Kwa hiyo binti yake, Injinia Nyemo, alipomletea mjukuu asubuhi ile ya Jumamosi akamwambia, "Mama, tafadhali, usiiguse bangili yake," bibi alijibu kwamba yeye na bangili wanaelewana.

Bangili yenyewe ilikuwa nyembamba, rangi ya maziwa, haina taa wala kufuli. Nyemo ndiye aliyeibuni, na sasa kila mtoto wa shule jijini aliivaa. Ilisikiliza mishipa ya fahamu pale kwenye kifundo cha mkono, ikalijua neno kabla halijatamkwa na tarakimu kabla haijaandikwa. Mtoto akitaka kuandika kwamba saba mara nane ni hamsini na nne, bangili ilimbana kidogo, kama mtu anavyokushika mkono unapotaka kuvuka barabara vibaya. Mtoto akasita, akafikiri upya, akaandika hamsini na sita. Wino mwekundu ukakosa kazi. Kwenye karatasi za serikali bangili iliitwa Kizuiakosa. Watoto waliiita Ngoja.

Nyemo hakuibuni kwa ubaya. Utotoni alikosea hesabu moja ubaoni, darasa zima likamcheka, akalia njia nzima mpaka nyumbani. Aliapa kwamba mtoto wake hatalia hivyo. Na kweli Semeni, mwenye miaka tisa, hakulia. Ila na mengine mengi alikuwa ameacha kuyafanya.

"Chai au uji, mke mwenzangu?" bibi alimuuliza, maana ndivyo bibi anavyomwita mjukuu wa kike; kwa utani, wote wawili ni wake wa babu.

Semeni akafungua mdomo. Bangili ikambana. Akaufunga. Akaufungua tena kwa jibu la pili. Ikambana tena. Akabaki anakitazama kikombe kitupu kana kwamba kitamjibia.

"Ana nini huyu?" bibi akauliza.

"Bangili haijalijua jibu," Nyemo akasema taratibu. "Imefundishwa maswali ya shule. Penye jambo isilolijua inabana kwa tahadhari."

"Kwa hiyo mtoto anakaa na njaa kwa tahadhari."

"Nairekebisha, Mama. Jioni nitakuja na toleo jipya. Litajua chai au uji, litajua acheze na nani, litajua hata alalie ubavu gani."

"Si umvue tu?"

Nyemo akatazama pembeni. "Wiki iliyopita nilimvua aoge. Alisimama bafuni akitetemeka, hagusi maji, mpaka nikamrudishia. Ningekuwa na njia nyingine, unadhani ningekuja kwako na kilo mbili za machozi?" Akambusu mtoto kichwani, akaondoka.

Bibi alijaribu kila alichojua, na hakujua vingi. Alimpa karatasi na rangi. Saa nzima karatasi ikabaki nyeupe, na Semeni akasema kwa adabu, "Bibi, ukiniambia nichore nini na kikae vipi, nitachora." Bibi akamkaripia. Mtoto akaomba radhi vizuri sana, na hapo ndipo bibi alipoumia zaidi. Mwisho akaenda jikoni kununa.

Babu Chilongani akarudi kutoka kucheza drafti ghorofa ya chini, akamkuta mjukuu mezani.

"Mke mdogo kumbe kaja," akasema akivua kofia. "Basi leo nakula kwa mke mdogo. Yule wa zamani nimemchoka."

"Huyo?" bibi akaitikia kutoka jikoni, maana utani ukianza hauachwi hewani. "Huyo hata maji yanamshinda kuchemsha. Utakufa njaa, mzee, na mimi sikuziki. Uji wangu ni hariri. Uji wake utaula kwa kisu."

Alisema tu, kwa mazoea. Hakukusudia kumtibu mtu. Lakini alipogeuka aliiona bangili imezama katika nyama ya mkono wa Semeni, ikitafuta jibu sahihi la tusi la bibi, na jibu hilo hakuna shule inayolifundisha.

"Uji wako lazima uwe hariri," Semeni akasema. Sauti ilitoka kwa kukwaruza. "Huna meno. Babu anayo."

Babu akacheka mpaka akatafuta kiti. Kwa sheria ya utani bibi hakuruhusiwa kukasirika, lakini alikasirika kidogo, maana meno alikuwa nayo matatu na aliyajivunia.

"Haya, fundi wa maneno," akasema. "Njoo upike basi."

Semeni akaja. Akaunyoosha mkono kwenye mwiko, bangili ikambana kwa nguvu, mwiko ukaanguka sakafuni. Akauokota, ukaanguka tena. Bibi akataka kumwambia, basi, acha, mama, tulikuwa tunatania.

Kabla hajasema, mtoto akaivua bangili mwenyewe. Akaiweka dirishani. Kisha akasimama katikati ya jiko akitetemeka mwili mzima, na bibi, asijue la kufanya, akafanya lile alilolijua.

"Mzee, njoo umwone mkeo. Anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa."

"Natetemeka kwa hasira," Semeni akasema, meno yakigongana.

Akaushika mwiko. Maji yakachemka. Akachukua unga mkavu, hakuukoroga kwanza kwenye maji baridi, akaumimina wote kwa mkupuo, nusu sufuriani na nusu usoni kwake. Bibi aliliona kosa hilo tangu mkono ulipopanda. Neno lilimfika kwenye ncha ya ulimi, na neno lenyewe lilikuwa "ngoja". Akajiziba mdomo kwa viganja viwili. Hakuna kazi ngumu aliyowahi kuifanya katika jiko lile kupita hiyo.

Jiko likajizima. Semeni akalipiga kofi. Likawaka.

Uji ulitoka una mabonge makubwa kama ndimu, yenye unga mbichi ndani. Babu alikula bakuli zima akitafuna. Semeni alionja, akatulia, akawa kama anasubiri kitu kitokee. Hakikutokea kitu.

"Mbaya," akasema kwa mshangao. Akaongeza kijiko cha pili.

Jioni Nyemo aliingia na kisanduku cha toleo jipya kwapani. Alikuta bibi na mjukuu wamekaa jikoni wametulia mno, na babu yuko kibarazani. Semeni ameficha mikono nyuma. Nyemo, ambaye hakuwa amekula tangu asubuhi, akafunua sufuria, akachota, akatafuna.

"Mungu wangu. Nani kapika huu?"

"Bibi," Semeni akasema haraka.

Miaka hamsini bibi aliulinda uji wake kama heshima ya ukoo. Akavuta pumzi ndefu. "Mimi," akasema. "Mkono uliteleza."

"Mke mdogo," babu akaita kutoka kibarazani, "yale mabonge yako yamebaki? Niongeze mawili, meno yangu yamechangamka."

Semeni akajiziba mdomo, na mkono ulipopanda Nyemo aliuona uko mtupu, na mstari mweupe pale bangili ilipozoea kukaa. Akautazama muda mrefu. Mkono haukuwa unatetemeka.

"Semeni. Nani kapika?"

Mtoto akamtazama bibi. Bibi akaitazama dari.

"Bibi," akarudia, kwa sauti nyembamba zaidi.

Nyemo akakiweka kisanduku sakafuni, akakisukuma kwa mguu chini ya kabati. Akapiga magoti mbele ya mwanawe. Macho yake mwenyewe yalikuwa yamejaa maji na mdomo unazuia kicheko.

"Na huyo bibi yako," akasema, akimpangusa unga kwenye nyusi kwa kidole gumba, "alikuja kupikia usoni kwako?"