Bado Yuko Kwenye Maji

Jumamosi asubuhi duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika hadi mlangoni. Dada mmoja mrefu, mwenye jinzi iliyopauka na blauzi ya njano, alijipenyeza kwenye foleni akiwa na furushi kubwa la kitambaa begani. Alipogeuka kuulizia vanishi, furushi likafagia makopo ya gundi kutoka mikononi mwa kijana aliyesimama nyuma yake.

"Dada, leo unahama na nyumba nzima?"

"Samahani, kaka yangu. Ni tanga la boti, limechanika. Mafundi cherehani wote wananiambia sindano zao zitavunjika."

Kijana akasahau makopo yake sakafuni. Alishika pindo la kitambaa, akalivuta, akalinusa.

"Mbona unanusa? Si samaki hilo."

"Naangalia kama limeoza. Niletee karakanani. Mimi nashona viti vya magari, sindano zangu hazina woga."

Mwenyewe aliitwa Sindano, na jina hilo lilimkaa: mwembamba, mnyoofu, shati limepigwa pasi hata siku ya kazi. Dada alikuwa mpiga eksirei katika hospitali kubwa ya mji. Wenzake walimwita Nahodha, kwa sababu kila Jumapili asipokuwa zamu aliingia baharini na boti yake ndogo ya tanga. Aliinunua ikiwa imelala kifudifudi nyuma ya ghala, akaifufua mwenyewe kidogo kidogo.

Tanga lilishonwa likapona. Likafuata turubai la kufunikia, kisha mito ya kukalia ambayo hakuna aliyeiagiza. Punde Sindano akawa haonekani mtaani jioni. Yuko ufukweni, suruali imekunjwa, anapiga msasa.

"Polepole, mpenzi, utatoboa ubao," Nahodha alimwambia siku walipokuwa wakiziba nyufa kwa pamba na lami.

"Umeniitaje?"

"Nimesema polepole."

"Hapana, hapo katikati."

"Piga msasa, bwana!"

Usiku walipigiana simu hadi betri zinalia. Walicheka, walitaniana, waligombania rangi ya kupaka ubavuni. Jambo moja tu Nahodha hakulielewa. Boti ikiwa mchangani, Sindano alikuwa wa kwanza kufika. Ikishushwa majini, alikuwa na mgonjwa wa kumtazama, mteja mwenye haraka, au jino linauma.

"Jumapili ijayo nakwenda kisiwani," Nahodha alimwambia. "Ni mwendo mfupi tu. Dada yangu mkubwa amepanga chumba kule, anataka kukuona."

"Jumapili hiyo… nina kazi, mpenzi."

"Kumwona dada yangu si kazi?"

"Nitakuja siku nyingine. Nakuahidi."

Nahodha alikwenda peke yake. Dada mtu alichungulia boti nzima kama vile mchumba angeweza kufichwa chini ya ubao.

"Yuko wapi huyo fundi? Au ni wa kwenye simu tu?"

Swali hilo lilimchoma Nahodha. Jumamosi iliyofuata alipitia karakana bila kumwarifu, akakuta kufuli. Muuza matairi wa jirani hakuulizwa, ila alisema.

"Siku hizi Jumamosi hakai, shemeji. Anafuatwa na mama mmoja mwenye gari jeupe. Huwa anarudi nywele mbichi."

Nahodha alipiga simu palepale. Ikapokelewa na sauti ya kike, changamfu, isiyo na wasiwasi wowote.

"Bado yuko kwenye maji. Akitoka nimwambie nani kapiga?"

"Mwambie hakuna."

Sindano alipiga jioni hiyo, akapiga kesho yake. Hakupokelewa. Alituma ujumbe mrefu, ukafutwa bila kusomwa. Hospitalini Nahodha alifanya kazi kama kawaida, akiwaambia wagonjwa wavute pumzi na waizuie, huku yake mwenyewe ikimkaa vibaya kifuani. Kwa hasira aliikwangua boti upya, hata pale palipokuwa safi.

Jumapili moja alikuwa gatini akifungua kamba, abiria wa feri wamejaa pembeni, aliposikia vicheko. Akainua kichwa. Sindano alikuwa anakuja katikati ya watu, shati jeupe, suruali ya pasi, na juu yake jaketi la kuokolea la rangi ya machungwa lililofungwa hadi kidevuni.

"Bwana harusi, maji yako huku chini!" mtu alipiga kelele.

Hakumjali. Alisimama hatua chache kutoka ukingoni.

"Nahodha, nisikilize, kisha unifukuze."

"Kamsimulie mwenye gari jeupe."

"Yule ni mwalimu wa kuogelea. Ana mume na wajukuu. Siku ile simu ilikuwa kwake, mimi nilikuwa nimeshikilia ukuta wa bwawa na watoto wa chekechea wananicheka."

Nahodha aliiacha kamba.

"Kuogelea?"

"Baba alizama mtoni. Nilikuwa mdogo, nimekaa ukingoni nimeshika viatu vyake. Tangu hapo maji yakinifika magotini natetemeka. Ningekuambiaje? Mwanamume mzima, nakushonea tanga, kupanda siwezi."

"Ungeniambia hivyohivyo ulivyoniambia sasa."

"Niliona aibu."

"Na mimi nikalala nalia kwa aibu yako. Ulinidanganya jino linakuuma, Sindano. Nilikuletea hadi dawa!"

"Nilizimeza," alisema kwa unyonge.

Nahodha alitaka kubaki na hasira yake, lakini midomo ilimsaliti. Akamnyooshea mkono.

"Panda. Mguu katikati, usikanyage pembeni. Ukitaka kurudi, sema, tunageuza."

Hakusema. Alikaa sakafuni, kashika mlingoti kwa mikono miwili, macho kafumba. Katikati ya njia alitapika. Nahodha alishika usukani kwa mkono mmoja, kwa mwingine akamshika kola. Walipofika kisiwani dada mtu aliwapokea, akamtazama shemeji aliyekuwa wa rangi ya majivu.

"Kumbe yupo," alisema, akaenda kumtafutia maji ya kunywa.

Mchana walikaa wawili mchangani.

"Nataka kukuoa," Sindano alisema. "Lakini nisikudanganye tena. Bahari sitaipenda. Hata nikijua kuogelea."

"Sijakuomba uipende."

"Na kurudi, naomba nipande feri."

Nahodha alicheka hadi akashika mbavu. "Panda feri, mpenzi. Jibu lako nitakupa ng'ambo."

Feri ilimpita katikati ya njia, na Sindano akampungia mkono kutoka sitaha ya juu, jaketi bado mwilini. Upepo ulikuwa dhaifu. Nahodha alichelewa sana. Alipokaribia gati, abiria wote walikuwa wameshakwenda zao. Mtu mmoja tu alikuwa amebaki, amepiga magoti ukingoni kabisa, mikono ameinyoosha juu ya maji.

Nahodha akamrushia kamba.

"Funga vizuri, mume wangu."