Pindo la Sketi ya Kijani

Kila alasiri akitoka shule, Fundi Mdogo alipitia mlango wa nyuma wa duka la mama yake, akanawa mikono kwa sabuni, akamwonyesha mama viganja vyake, huku na huku, ndipo akaruhusiwa kugusa kitambaa. Mama yake alikuwa fundi cherehani. Hakuwa mtu wa sheria nyingi, lakini hiyo moja hakuilegeza hata siku ya sikukuu.

Wateja ndio waliompa msichana jina la Fundi Mdogo. Alikuwa darasa la mwisho la shule ya msingi, na kazi yake dukani ilikuwa kushona vifungo na kupinda sketi kwa mkono, akiwa ameketi kwenye kigoda kando ya cherehani. Shule zilipofunguliwa mwanzo wa mwaka, sketi zilizojaa mapajani mwake zilikuwa za aina moja: kijani iliyokolea, marinda mapana, mkanda wa kiuno uliosimama imara. Hizo ni sketi za Shule ya Juu.

Shule hiyo ilikuwa sekondari ya wasichana, na iliitwa hivyo kwa sababu ilikaa juu ya kilima, nyuma ya ukuta wa mawe. Huko hakuingii mtu kwa kujuana. Uliomba, ukafanya mtihani wa mchujo, na waliochaguliwa walikuwa wachache. Kengele yake ilisikika mpaka dukani. Ilipolia, Fundi Mdogo aliiacha sindano hewani mpaka mlio uishe. Alijua viuno vya wasichana wote wa kidato cha kwanza, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga hata changarawe ya getini.

"Sindano imekwama?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Nasikiliza tu."

"Sikiliza huku unapinda."

Shuleni kwao, fomu za maombi zilikusanywa na mwalimu wa Hesabu. Siku moja alimwita Fundi Mdogo mbele ya darasa, fomu mkononi.

"Binti, hapa umeulizwa shule tatu. Chaguo la kwanza umeandika Shule ya Juu. La pili, Shule ya Juu. La tatu, 'hiyohiyo'. Hii ni fomu au kiitikio cha wimbo?"

Darasa likaangua kicheko.

"Sitaki nyingine, mwalimu."

"Kutaka, unataka. Na sehemu je? Zile namba unazozikimbia, moja imepanda mgongoni mwa nyingine? Mtihani wao umejaa hizo."

Fundi Mdogo akatazama viatu vyake.

Mama yake alikuwa amemtengea mahali pa kusomea. Nyuma ya pazia, pale wateja walipojaribia nguo, palikuwa na stuli, taa na kioo kirefu. Wateja wakipungua, mama alimwambia, "Nenda kasome, mwanangu. Sindano niachie mimi." Naye alikwenda. Lakini chini ya gunia la mabaki ya vitambaa palikuwa na kitu ambacho mama hakukijua.

Palikuwa na sketi. Fundi Mdogo aliishona mwenyewe kwa vipande vya kijani vilivyobaki, akaficha kila maungio ndani ya rinda. Ilikuwa sketi ya Shule ya Juu, ya kipimo chake. Mwanzoni ilikosa kitu kimoja tu: mkanda wa kiuno, ambao hutaka kipande kirefu kisicho na kiungo. Hicho hakikuwamo katika mabaki.

Sasa, mama yake alikuwa na desturi. Kila sketi ya shule aliiachia pindo pana kwa ndani, la vidole vinne, ili mtoto akirefuka, pindo lifumuliwe na sketi iteremshwe. Mwanzo wa mwaka Fundi Mdogo alikabidhiwa sketi moja aipinde. Aliliona pindo lile, refu, likizunguka sketi nzima. Akashika mkasi. Akalikata, akakunja kilichobaki kikawa chembamba kama kamba ya kiatu, akapiga pasi. Nani atajua? alijiambia. Ni kwa ndani. Kile kipande kirefu akakikunja tabaka tatu, kikawa mkanda wake wa kiuno.

Tangu hapo, kila alipoambiwa akasome, alivaa sketi ile akasimama mbele ya kioo. Katika kioo alikuwa tayari kidato cha kwanza. Alijigeuza, marinda yakafunguka na kufunga. Aliitika jina lake akiitwa na mwalimu asiyekuwepo.

"Unasoma?" mama aliita kutoka kwenye cherehani.

"Nasoma, mama."

Kitabu cha Hesabu kilikuwa juu ya stuli, kimefunguliwa ukurasa uleule wa juzi.

Alasiri moja, mtihani ukiwa umekaribia, alikuwa nyuma ya pazia amevaa sketi yake aliposikia hodi. Ilikuwa sauti ya Mama Mikate, mwenye tanuri mtaa wa pili.

"Karibu, dada," mama alisema. "Karibu na mtoto."

"Mtoto gani? Mtazame! Nimemlisha mikate, ameota kama mchicha. Mtaa mzima wanamwita Twiga."

"Mama, jamani!" sauti ya msichana ililalamika.

"Si kweli? Fundi, nimekuletea sketi yake ya shule. Imepanda juu ya magoti, mwalimu wa zamu amemwambia asirudi nayo hivyo. Nikasema haidhuru, fundi wangu huacha pindo. Nageuza ndani, hamna kitu!"

"Haiwezekani. Mimi naacha vidole vinne, hata kwa mtoto wa adui yangu."

"Haya, vipime hapo."

Nyuma ya pazia, Fundi Mdogo alisikia tepu ikivutwa.

"Dada," mama alisema mwishowe, "sijui niseme nini."

"Mimi najua. Kitambaa nilikuletea kizima. Kilichokatwa umemshonea nani? Na mimi kila anayekuja kununua mkate namsifia fundi wangu. Kumbe nawaelekeza kwa mwizi!"

Fundi Mdogo aliijua sauti ya mama yake akicheka, akiimba, akigombana na wauza uzi. Hii iliyofuata hakuijua. Mama alisema kwa sauti ndogo, "Nitamshonea nyingine kwa kitambaa changu. Unisamehe sana."

Maneno hayo yalimchoma Fundi Mdogo kuliko sindano. Angeweza kuivua sketi taratibu, akaisukuma chini ya gunia, na asijue mtu. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye zipu. Alipoinua macho, yule msichana wa Shule ya Juu alikuwa akimtazama kutoka kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza hakumpenda.

Akavuta pazia.

Twiga ndiye aliyemwona kwanza. "Ee! Wewe uko darasa gani? Mbona sijawahi kukuona shuleni?"

"Mimi si wa shule yenu." Fundi Mdogo alishika mkanda uliomzunguka kiunoni. "Pindo lako ni hili. Nililikata mimi. Mama hakujua."

Mama Mikate alibaki kinywa wazi. Mama akamsogelea binti yake, akausugua mkanda kwa kidole gumba, akafungua rinda moja na kuona maungio yaliyofichwa.

"Tangu mwanzo wa mwaka," alisema polepole. "Na kila siku nakukagua mikono."

"Nisamehe, mama."

"Usianze na mimi. Mwenye pindo yule pale."

Fundi Mdogo akamgeukia Twiga. "Nisamehe, dada."

Twiga alikunja mikono kifuani. "Unajua walivyonicheka? Nikipita wanasema sketi yangu inakimbia matope. Nimekuwa nikitembea nimekunja magoti ili ifike! Wewe ulikuwa unajipendezesha humu, mimi natembea kama bata."

Machozi yalimtoka Fundi Mdogo, akayaacha.

Mama Mikate akakohoa. "Fundi, nimekutukana mbele ya watoto. Unisamehe na mimi."

"Duka ni langu, dada. Ulikuwa na haki ya kuuliza."

"Basi mikate yangu iko motoni. Huyu nakuachia, asubiri nguo yake."

Alipoondoka, mama akamwambia binti yake neno moja, "Vua." Kisha akampa kifumulio. Fundi Mdogo akaketi kwenye kigoda akaufumua mkanda mshono kwa mshono, mpaka sketi aliyoiota ikamwagika miguuni kama kitambaa kingine chochote. Mama akauchukua ule ukanda, akaurudisha chini ya sketi ya Twiga, akapitisha mishono miwili juu ya maungio ili ionekane ilikusudiwa hivyo.

Twiga, alipochoka kusimama, alienda kukaa kwenye stuli. "Kitabu cha nani hiki?"

"Changu. Nimeomba kuingia shuleni kwenu."

Twiga akacheka mpaka akashika ubavu. "Umeshona sketi kabla ya mtihani? Umevaa nguo ya harusi na hujaposwa! Haya, niambie. Nusu ukijumlisha na theluthi?"

Fundi Mdogo akajumlisha za juu, akajumlisha za chini. "Mbili juu ya tano."

"Mbili juu ya tano ni ndogo kuliko nusu! Una nusu mkate, nakuongezea theluthi, unabaki na pungufu ya nusu? Mama yangu angekufukuza tanurini." Akakitazama kile kitabu, akamtazama na msichana aliyelowa machozi. "Jumamosi nitapita. Usidhani ni kwa ajili yako. Sipendi tu kuona Hesabu nayo ikionewa."

Jumamosi akapita kweli, na nyingine zikafuata. Mama aligeuza kioo kikatazama ukutani. Twiga hakuwa mwalimu mpole. Aliita kila kosa "pindo lililokatwa", na Fundi Mdogo alipokosea mara mbili hesabu ileile, alimwita Fundi wa Mabaki. Lakini hakuondoka kabla ya hesabu kueleweka. Na zile namba zilizopandana migongo zikaanza, moja moja, kushuka na kukaa mahali pake.

Kabla fomu hazijapelekwa, Fundi Mdogo alikwenda kwa mwalimu wa Hesabu kuomba yake. Akafuta mistari miwili, akaandika shule mbili nyingine, za kawaida, ambazo alikuwa ameziuliza habari zake.

"Wimbo umepata beti," mwalimu alisema, akatia sahihi.

Siku ya mtihani alivaa gauni lake la kila siku. Changarawe ya getini ilikuwa ya kijivu na ililia chini ya viatu. Kengele ilipopigwa, ilikuwa na mtetemo ambao haukuwahi kufika dukani. Aliusikia kwenye dawati, kwenye mbao, mpaka kwenye viwiko. Kwenye swali moja la sehemu aliandika jibu haraka, kisha akalitazama tena. Lilikuwa dogo kuliko nusu aliyoanza nayo. Akalipiga mstari, akaanza upya. Swali jingine lilimshinda kabisa, akaliacha wazi. Hakuchungulia karatasi ya jirani, ingawa ilikuwa wazi kama dirisha.

Kusubiri kulikuwa kugumu kuliko mtihani. Akipinda, akishona vifungo, macho yake yalipanda kilimani yenyewe. Sasa alijua palivyo ndani, na kutamani mahali unapopajua kuna uchungu wake. Mama alimwona. Alimsogezea taa tu.

Ndipo asubuhi moja Twiga akaingia dukani, sketi ikiwa chini ya magoti sawasawa, mkononi mkate uliofungwa kwa karatasi, bado una joto.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama amesema mkate huu ni wa mwanafunzi mpya wa kidato cha kwanza. Majina yamebandikwa getini. Nimeambiwa anaishi hapa. Mnamfahamu?"

Fundi Mdogo alisimama, vifungo vikamwagika sakafuni, vikaviringika mpaka mlangoni.

"Acha vifungo," mama alisema. Alivuta tepu kutoka shingoni. "Njoo hapa. Simama wima."

Fundi Mdogo alikuwa amewaona wasichana wengi wakipimwa pale pale. Sasa tepu ilizunguka kiuno chake mwenyewe, na mikono ya mama ilikuwa na joto.

"Nisikilize," mama alisema, akiwa amepiga goti. "Kuitamani shule hakukuwa kosa. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiisikia ile kengele kwa ajili yako. Kosa lako lilikuwa kutaka uonekane umefika kabla hujaanza safari, ukachukua nafasi ya mwenzako ya kukua ili wewe ujipambe, ukanidanganya kila jioni. Sketi ile haikukuingiza getini. Umeingizwa na zile hesabu ulizokuwa unazikimbia, na kazi uliyoifanya mbele ya macho yetu. Siku nyingine ukikosea, na utakosea, toka nyuma ya pazia kama ulivyotoka siku ile. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Haya, kanawe mikono."

Kitambaa kilikatwa siku hiyohiyo, kipya, kutoka kwenye jora. Mabaki ya sketi ya zamani mama aliyashona kwa ndani yakawa mfuko. Kisha akamrushia binti yake sketi mapajani.

"Pinda mwenyewe."

"Niache vidole vingapi?"

"Unataka kukua kiasi gani?"

Fundi Mdogo akaweka vidole vinne juu ya kitambaa, akafikiri, akaongeza cha tano. Twiga akaguna, "Jitu!" Kule juu kengele ikalia. Safari hii sindano haikusimama.