Vidonge Kwenye Pindo la Kitenge

Kila siku ya likizo, Kaoutar alimsaidia mama yake, Mariyamu, kuchemsha chikichi na kukamua mawese nyuma ya nyumba yao, Rumonge. Lakini asubuhi hii masufuria yalikuwa yamefunikwa. Mama alikuwa amelazwa hospitalini, na leo angetolewa uvimbe tumboni. Kaoutar, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa akimwuguza pamoja na Shangazi Zaituni, dada wa baba yake.

Njiani kwenda hospitalini, Shangazi hakunyamaza hata kidogo.

"Kule iko wezi, mwanangu. Dawa ya usingizi wanaiuza, halafu mugonjwa wanamudunga maji. Mutu anaamuka kisu kikiwa tumboni!"

"Nani aliona hayo, Shangazi?"

"Wanasema."

Kaoutar hakujua hao wanaosema ni akina nani, lakini maneno yenyewe yalimwingia. Walipofika, kila kitu alikitilia shaka. Kwa nini muuguzi yule anatabasamu? Yule mwanamume amebeba nini kwenye sanduku? Mbona mlango wa chumba cha upasuaji unafungwa haraka hivyo? Hata paka aliyepita dirishani alimtazama kwa jicho baya.

Shangazi alichungulia huku na huku, akafungua fundo kwenye pindo la kitenge chake, akatoa vidonge.

"Ni vya usingizi, wifi. Nimevinunua sokoni. Meza. Hata wakikudunga maji, wewe utalala tu."

Mama alisita. Hofu ya kisu ilikuwa kubwa kuliko hofu ya vidonge, akavimeza kwa mate.

"Na wewe, Kao, funga mdomo," Shangazi alinong'ona.

Haukupita muda, akaingia mwanamume mrefu aliyevaa nguo za kijani.

"Amahoro, Mama Kaoutar. Mimi ni Pontiani. Ni mimi nitakayekulaza usingizi, na sitatoka kando yako mpaka uamke. Leo umekunywa dawa yoyote? Ya maumivu, ya usingizi, ya miti shamba? Au pombe?"

"Hapana," Mama alijibu, macho yake yakiwa chini.

"Hajakunywa kitu!" Shangazi alidakia.

Maswali yote hayo ya nini? Kaoutar aliona mtu anayeuliza sana ana lake jambo. Pontiani alipotoka, alimfuata hadi mlangoni, akajikaza.

"Muganga, ile dawa yenu ni maji?"

Pontiani hakukasirika. Alimwonyesha kichupa kidogo kuliko kidole gumba.

"Inaonekana kama maji, kweli. Inaitwa fentanili. Inazuia maumivu makali wakati wa upasuaji, na ina nguvu sana, ndiyo maana tunaipima kidogo kidogo. Pia inapunguza pumzi, kwa hiyo mimi kazi yangu ni kuangalia mgonjwa anavyopumua. Akiwa amemeza vidonge vya usingizi bila kuniambia, dawa hizo mbili zikikutana, pumzi inaweza kusimama."

Kaoutar aligeuka. Kitandani, kope za Mama zilikuwa zimeanza kuwa nzito. Shangazi alimkazia macho, akaweka kidole mdomoni. Kaoutar aliogopa hasira ya Shangazi, lakini alimwogopea mama yake zaidi.

"Amemeza!" alipiga kelele. "Sasa hivi! Vya Shangazi, vya kwenye kitenge!"

Pontiani alirudi mbio, akaita muuguzi. Alimwekea Mama kidoleni kifaa cha kupima oksijeni, na upasuaji ukaahirishwa. Siku nzima walimwangalia jinsi anavyopumua.

"Umetuaibisha mbele ya watu," Shangazi alimwambia Kaoutar, akamgeuzia mgongo. Kaoutar alilia, lakini hakujuta.

Upasuaji ulifanyika kesho yake. Mama aliporudishwa wodini, alifumbua macho, akajikuna pua.

"Bado hawajaanza?" aliuliza.

"Wamekwisha, Mama!" Kaoutar alisema, akicheka na kulia pamoja.

Shangazi alifungua lile fundo, akampa Pontiani, aliyekuwa bado kando ya kitanda, vidonge vilivyobaki.

"Nilitaka kumukinga, muganga. Kidogo nimuue."

"Ukiwa na wasiwasi, niulize mimi," Pontiani alimjibu. "Siwezi kumlinda mgonjwa na kitu nilichofichwa."

Jioni wanawake wa mtaani walikuja kumwona mgonjwa. Mmoja alimwinamia Shangazi. "Eti wanasema hapa wanadunga maji?"

"Nani anasema?" Shangazi alimkatiza. Alimvuta Kaoutar karibu yake. "Ulizeni huyu mutoto. Sisi wakubwa tulisikiliza maneno ya sokoni, yeye akaenda kumuuliza mwenye dawa. Na aliposikia ukweli, hakuuficha, hata nilipomukazia macho. Ndiyo maana mama yake anapumua."