Daftari la Safari la Mama

Tangu Mama afariki mwezi wa pili, Maren Haugen ndiye aliyekuwa akiamka wa kwanza nyumbani kwao, katika mji mdogo wa jimbo la Iowa, Marekani, uliozungukwa na mahindi kila upande. Alimwashia Baba mashine ya kahawa, akatia nafaka na maziwa kwenye bakuli mbili, kisha akapanda ghorofani kumvisha Tilda, mtoto wa miaka miwili ambaye hakuwa na neno alilolipenda kuliko "sitaki". Otto, mwenye miaka mitano, alijivika mwenyewe, na mara nyingi alishuka ngazi fulana ikiwa nyuma mbele. Maren alikuwa na miaka kumi na miwili. Watu wa kanisani walisema amekuwa mama wa nyumba kamili, wakidhani wanamsifu.

Asubuhi ile ya mwezi wa saba kazi zilikuwa zilezile, ila mizigo ilijaa barazani. Kila kiangazi familia hiyo ilisafiri kwa gari hadi Ziwa Superior, kaskazini mwa jimbo la Minnesota, na bingwa wa safari alikuwa Mama. Baba angeachiwa mwenyewe angeendesha kutwa nzima bila kusimama ila kwa petroli, kisha awaringie majirani jinsi alivyowahi kufika. Mama hakuutaka mwendo huo. Sheria yake ilikuwa saa mbili barabarani, kisha saa nzima chini, watoto wakimbie na kuchafuka wapendavyo. Kila waliposimama aliandika katika daftari moja lenye jalada la kijani, kiangazi baada ya kiangazi, kwa miaka minane.

"Tutakwenda kama alivyopenda yeye," alisema Baba, akihangaika kulishindilia sanduku la barafu nyuma ya gari. "Polepole. Hata tukipitwa na trekta, sawa tu." Kisha akamkabidhi Maren daftari. "Wewe ndiye msomaji wetu. Litunze, mwanangu. Mambo yetu yote aliyaandika humu."

Maren alilipokea kwa mikono miwili.

Hawajafika hata mwisho wa mtaa wao, Otto akauliza, "Baba, bado sana?"

"Bwana wee, hata mjini hatujatoka!"

"Na sasa?"

"Ukiniuliza tena nitakufunga juu ya paa pamoja na hema."

Kituo cha kwanza kilikuwa bustani ndogo kando ya mto. Maren alifungua daftari akasoma kwa sauti: "Kivuli kizuri asubuhi. Bembea ya kushoto inachuna makalio, msimwambie Baba, mwacheni akae." Baba alicheka, akaenda kukalia bembea ya kushoto kwa makusudi. Alipoinuka aligeuka upande, akajifanya anafuta kioo cha gari ambacho kilikuwa safi kabisa.

Kituo cha pili, Mama alikuwa ameandika: "Hapa Otto ametapika ndani ya kofia ya baba yake. Kofia tumeizika kwa heshima zote." Otto alicheka mpaka akashikwa na kwikwi.

"Soma tena, dada."

Maren alisoma mara tatu. Ilikuwa kama Mama yuko kiti cha mbele, ameinua miguu juu kama kawaida yake. Maren aliona raha, papo hapo akaona uchungu.

Kituo cha tatu kilikuwa uwanja wa watoto katika mji mdogo, wakiwa wameshaingia Minnesota. Otto aliomba kushika daftari, akakaa kwenye nyasi akifuata kwa kidole michoro aliyoichora Mama pembeni. Baada ya muda Maren alilichukua, kwa kuwa Baba alikuwa ameshaanza kuita. Otto aliingia garini bila shida. Tilda ndiye aliyekuwa na neno lake.

"Sitaki!" Alijinyoosha akawa mkavu kama ubao, hakunjiki kiunoni, hakalishiki kwenye kiti chake. Mtoto wa namna hiyo hafungwi mkanda kwa mkono mmoja. Maren aliweka daftari juu ya paa la gari, kwa dakika moja tu, kama watu wazima wote wa kwao wanavyoweka vikombe vyao vya kahawa. Akabana, akavuta, akaumwa kidole, na mwishowe mkanda ukalia "ta!"

"Wote ndani?" Baba aliita. "Milango!"

Maren alizunguka mbio, akaingia, akafunga mlango. Gari likaondoka.

Walikuwa wamekwenda maili arobaini hivi Baba aliposema, "Haya, msomaji. Mama anasema tulale wapi?"

Maren alipapasa mapajani, akapapasa mfukoni mwa mlango na chini ya kiti. Halafu akakumbuka. Aliuona mkono wake mwenyewe ukiliweka daftari juu ya paa. Nyuma yake dirisha la Otto lilikuwa wazi nusu, na upepo ulikuwa ukichezea nywele za mtoto.

"Otto alikuwa nalo," alisema. Maneno yalitoka kabla hajayafikiria.

"Mimi?" alisema Otto.

"Si uliliomba? Na dirisha lako liko wazi."

Baba alisimamisha gari kando ya barabara na kugeuka. "Otto. Umelitupa nje daftari la Mama?"

Otto alimtazama dada yake. Kwa Otto, dada akisema leo ni Jumapili, basi ni Jumapili. "Sijui," alisema polepole.

"Hujui? Kitu kinatoka mkononi mwako hujui?" Baba hakuwa mtu wa kufoka. Hata msibani hakupandisha sauti. Siku hiyo alifoka mpaka Tilda akaangua kilio. "Sauti yake yote ilikuwa humo! Nawe umeifanya mchezo!"

Akamgeukia Maren. "Mara ya mwisho ulimwona nalo wapi?"

Hapo ndipo Maren angeweza kusema. Nafasi ilikuwa bado ipo. Lakini aliuona uso wa Baba ulivyobadilika, akaogopa kwamba uso huo utamgeukia yeye na hautarudi tena kama zamani.

"Karibu na lile daraja," alisema. "Tulilovuka sasa hivi."

Walirudi darajani. Baba alitambaa kwenye majani yanayofika magotini, akishuka mtaroni na kupanda, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Otto naye aliinama akitafuta, akiinua kila kijiwe. Kwa zaidi ya saa nzima Maren alizunguka pamoja nao akitafuta kitu alichojua hakipo. Hakupata kujichukia hivyo maishani mwake.

Walilala kwenye nyumba ya wageni ya barabarani yenye bwawa dogo la kuogelea. Jua lilikuwa bado juu. Miaka yote Otto alikuwa wa kwanza kujitosa majini. Safari hii alivaa kaptura yake ya kuogelea, akakaa ukingoni, taulo kichwani. Viazi vyake vya kukaanga vilipoa mpaka vikanyauka. Maren alikwenda kukaa karibu naye kwa sababu Baba alimwomba.

"Dada," alisema Otto, "nililitupa saa ngapi?"

"Nini?"

"Daftari. Najaribu kukumbuka lakini sikumbuki." Alikunja uso kama anayefanya hesabu ngumu. "Nikikumbuka nitamwambia Baba samahani vizuri. Sasa nikimwambia, si atauliza tena? Na mimi sijui."

Maren alimsogezea sahani ya viazi.

"Mama amenikasirikia?" Otto aliuliza.

"Hapana, Otto."

"Umejuaje? Hayupo."

Walikaa hivyo, miguu ya Maren ikiwa majini na ya Otto ikiwa kavu, mpaka Baba alipowaita waingie ndani. Usiku mvua kubwa ilinyesha.

Asubuhi Maren alimkuta Baba nje akikaza kamba za mizigo. Alikuwa amepiga moyo konde tangu alipofumbua macho, akijua kwamba akingoja hadi chai hatasema tena.

"Baba, daftari nililiweka juu ya gari. Pale uwanjani. Nilikuwa namfunga Tilda mkanda, nikasahau. Otto hakulitupa."

Mikono ya Baba ilisimama juu ya kamba. "Juu ya gari," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Na jana, nilipokuwa nikitambaa pale darajani, ulikuwa unajua?"

Swali hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. "Nilikuwa najua."

Baba alimaliza kukaza fundo la kamba. Hakufoka. Maren aliona afadhali angefoka. "Waite wenzako," alisema Baba. "Tunarudi."

Nje kidogo ya ule mji wenye uwanja wa watoto walikuta trekta la kukatia majani ya kando ya barabara. Upande mmoja ulikuwa umeshanyolewa, na majani yaliyolowa yalikuwa yamelala chini. Dereva, mzee mwenye ndevu nyeupe, alizima mashine alipomwona Baba akimpungia mkono.

"Mzee, tunatafuta daftari la kijani."

Mzee alivua kofia yake. "La kijani? Jana nilisikia kitu kimeingia kwenye visu, nikadhani ni boksi la chakula. Watu wanatupa sana. Ilikuwa kama saa kumi na mbili kasoro, kabla ya mvua." Aliwatazama watoto, kisha Baba. "Lilikuwa la maana?"

"La mke wangu. Marehemu."

"Samahani sana, ndugu yangu. Laiti ningejua!"

"Ungejuaje, mzee wangu? Asante."

Maren alipiga hesabu bila kutaka. Walisimama barabarani kwenye saa tisa na nusu. Wangerudi moja kwa moja uwanjani, wangefika saa kumi na robo. Daftari lilikuwa bado zima wakati huo, limelala kwenye majani likiwangoja, nao walikuwa darajani, mahali alipowapeleka yeye.

Waliokota walichoweza. Jalada lilikuwa limechanwa vipande vitatu. Karatasi nyingi zilikuwa rojo, wino umevuja ukawa buluu tupu. Nusu ukurasa mmoja tu ndio uliosomeka, na haukuwa na kichekesho wala mchoro: "mafuta ya jua, soksi za Otto, betri za tochi, maziwa." Baba aliusoma, akachutama palepale mtaroni, akalia mbele ya watoto wake. Tilda alimshika sikio akisema, "Baba, Baba."

Alipojifuta uso alimwita Otto kwanza. "Mwanangu, jana nilikufokea kwa kosa ambalo si lako. Sikuuliza vizuri. Nisamehe." Kisha akamtazama Maren. "Lililobaki ni lako."

Maren alipiga magoti kwenye majani yaliyolowa. "Otto, wewe hukulitupa. Mimi nililisahau juu ya gari, nikaogopa, nikakusingizia."

Otto alimkodolea macho. "Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Hapo Otto alilia kilio alichokuwa amekifungia tangu jana, akampiga dada yake begani kwa ngumi zake ndogo, moja, mbili, tatu. Maren hakujikinga, na Baba hakumzuia. Kisha Otto akasema ana njaa, akala mkate wa siagi ya karanga, akaomba mwingine.

Baba alimchukua Maren kando. "Kusahau kitu juu ya gari, hata mimi nimesahau," alisema. "Nimepoteza pochi namna hiyo. Ungeniambia palepale ningeumia, tungerudi, tungelipata. Hilo umeshaliona mwenyewe, sitalirudia. Lakini liko linaloniuma zaidi. Ulipoogopa, uliangalia nani ni mdogo, ukamtwisha yeye. Naye alikuamini wewe mpaka akaacha kujiamini. Ukisema kweli unaumia wewe uliyekosa, na unapona. Yeye ameumia bila kukosa, na hakujua hata anaumwa wapi. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Baba." Machozi yalikuwa yakimchuruzika. "Mama angenichukia."

"Mama yako angelia kama nilivyolia mimi, kisha angekuuliza kama umekula. Nimefurahi kwamba ulisema asubuhi hii, bila kubanwa na mtu. Usiiache tabia hiyo."

Walipokuwa wakiingia garini, Maren aliinama amfunge Otto mkanda kama siku zote. Otto alisukuma mkono wake. "Sitaki. Baba anifunge."

Maren alimtazama Baba.

"Mwache," Baba alisema kwa upole. "Wewe ulichukua usiku kucha kusema. Naye mpe muda wake, wala usimharakishe."

Wakaenda kaskazini polepole, saa mbili barabarani na saa nzima chini, wakisimama walipopakumbuka. Mahali pengine hawakuwa na hakika kama ndipo. Kila waliposimama Otto alifungwa na kufunguliwa mkanda na Baba, naye Maren hakumharakisha. Siku ya nne, ufukweni mwa ziwa, Maren alikuwa amekaa juu ya jiwe Otto alipomjia na kiatu kimoja mkononi. Aliweka mguu wake wenye mchanga juu ya goti la dada yake, akangoja avalishwe.