Mnyonya Gurudumu

— Nani ameshusha siti yangu?

Griet alikuwa ameshapanda, mguu mmoja umebanwa kwenye pedeli kwa kile kiatu chenye kishikio chini, magoti nusura yagonge kidevu. Wenzake wa klabu walikuwa wanajipanga kwenye njia ya kando ya mto Leie, ile isiyopitisha magari, na ng'ombe wanawatazama kutoka ng'ambo.

Wannes, mchumba wake, hakugeuka.

— Bolti imelegea, mpenzi.

— Bolti imekaza utadhani imechomelewa.

— Basi labda niliishusha jana nikiiosha. Pandisha twende, watu wanasubiri.

Baiskeli hiyo hulala gereji kwa Wannes, maana Griet anakaa ghorofa ya tatu na hakuna lifti. Kila Jumamosi yeye yuko kazini duka la mikate tangu alfajiri, na Wannes husema anabaki kumwoshea baiskeli. Mwanamume ana mapenzi huyo, walisema wenzake. Harusi ilikuwa wiki tatu mbele, na klabu nzima ilishapanga kusimama nje ya ukumbi wa mji, ndoa inakofungwa, na kuinua magurudumu juu, maharusi wapite chini yake.

Griet hakupandisha siti. Alichomoa chupa yake ya maji, akapiga funda moja.

Tamu. Stroberi na mnanaa. Akatema palepale kwenye majani.

Chupa ile haijawahi kutiwa kitu zaidi ya maji. Na sharubati ile anaijua tangu utotoni: huipika shangazi yake Mieke, na anayetembea nayo mkobani ni mmoja tu, Lore, binti wa shangazi, msimamizi wake wa harusi. Lore yuleyule anayesema kila siku, "Mimi na baiskeli wapi na wapi, makalio yangu si ya kuteswa!"

Mate ya mtu mwingine alikuwa ameyatia mdomoni.

— Una nini? aliuliza Wannes.

— Nzi kaniingia mdomoni.

Akatoa simu, akaandika: "Lore mdogo wangu, njoo mkahawani kwa Mama Godelieve saa nne. Tupange mambo ya harusi. Keki ipo."

Jibu likaja: "Nakuja dada'angu kipenzi!"

Dada'angu kipenzi. Griet akatema tena.

Aliendesha na siti chini hivyohivyo, magoti yametanuka.

— Griet, leo umegeuka chura? alitania mzee Firmin, mkongwe wa klabu.

— Nafanya mazoezi ya ndoa, baba.

Nyuma yake, kama kawaida, Wannes alijibanza asipigwe upepo. Waendesha baiskeli wa huko, asiyekubali kushika zamu ya mbele kuwakinga wenzake upepo humwita mnyonya gurudumu, na hakuna tusi linalouma kuliko hilo. Wannes walimwita hivyo kwa utani miaka yote, na Griet ndiye aliyemtetea: mwacheni, mapafu yake madogo. Leo alisikia pumzi ile mgongoni akatamani kuoga.

Klabu ilikuwa imesimama kunywa kahawa nje kwa Mama Godelieve Lore alipofika kwa gari, kavaa raba nyepesi, kicheko mbele.

— Jamani bibi harusi!

— Panda baiskeli yangu nikupige picha, alisema Griet. Msimamizi wa mwendesha baiskeli asikose picha.

— Mimi? Si nitaanguka!

— Shemeji yako atakushika. Wannes, mshike. Au huwezi?

Wannes alimshika kwa ncha za vidole. Lore akapanda, na miguu ikafika kwenye pedeli sawasawa, kama amepimiwa.

— Tabasamu. Haya, shuka.

Hapo ndipo alipojiumbua. Kabla ya kuinua mguu, Lore alizungusha kisigino nje, haraka, kama anayejinasua. Raba haibanwi na pedeli. Viatu vinavyonasa pedeli ndivyo havitoki bila kuzungusha kisigino; asiyewahi kuvivaa huinua mguu tu akashuka. Mezani, kila kijiko kiliacha kukoroga kahawa.

— Mama weee, alisema mzee Firmin. Huyu kajifunza lini kujinasua?

— Jumamosi, alijibu Griet. Lore, unavaa viatu vyangu pia?

— Vyako vinanipwaya, dada, alininunuli...

Akajiziba mdomo. Too late, bibi: neno lilishatoka.

— Griet, sikiliza, alidakia Wannes. Ilikuwa mazoezi tu. Alitaka kukushangaza, aje harusini kwa baiskeli.

Griet alimtazama binti wa shangazi yake. Moyoni bado alikuwa anaomba iwe hivyo.

— Lore, ni kweli? Sema ni kweli, nikuombe radhi mbele ya watu wote hawa.

Lore aliinamisha kichwa, machozi yakamtoka.

— Aliniambia atakueleza kabla ya harusi.

— Mnanitia kinyaa! Siti yangu, chupa yangu, njia yangu! Hata usaliti mmeshindwa kuwa na vyombo vyenu?

Mama Godelieve alitoka ndani na chupa ya pombe kali na kitambaa.

— Futia siti hii, mwanangu. Inaua kila kitu.

Griet alifuta, akapandisha siti mpaka kwenye alama yake, akatupa chupa ya maji kwenye pipa. Pete akaiacha kwenye sahani ya keki. Akaondoka, upepo unampiga usoni.

— Griet, nisubiri!

Wannes alimfuata, akamfikia, na Mungu anisamehe kwa kucheka, akajibanza palepale nyuma ya gurudumu lake. Anaomba msamaha huku amekingwa upepo!

— Nakupenda wewe! Yule alikuwa wa kupotezea muda tu!

Griet alisogea pembeni, akamtikisia kiwiko: zamu yako.

— Pita mbele, Wannes.

— Upepo mkali, Griet. Endelea tu, tutaongea.

Basi. Alibadilisha gia, akakanyaga kwa hasira yote aliyokuwa nayo. Kufika daraja la pili, hakukuwa na pumzi ya mtu nyuma yake.

Baadaye alisikia minyororo. Ilikuwa klabu, bila Wannes. Mzee Firmin alimpita, akakaa mbele yake kuukata upepo.

— Pumzika nyuma yangu, mwanangu. Leo upepo ni wangu.

Hapo ndipo Griet alipolia.

— Na magurudumu ya harusi? aliuliza mzee bila kugeuka.

— Yabaki chini, baba. Yatembee.